Dosie ya Larissa Numbi Ilivyoingia Kabla ya Saa Sita

Enyi mliokaa na mliosimama, ninyi wa Flagey na ninyi wa Jette, na hata wewe unayejifanya unasoma gazeti kumbe sikio liko huku, zimeni redio, wekeni vikombe chini, mnipe masikio yenu. Wako waliosimulia kubomolewa kwa ngome na kuvuliwa mataji kwa wafalme. Hao walishapata sifa zao na chakula chao walishakula. Mimi nimebakiwa na tendo ambalo hakuna mwingine aliyejitokeza kulitangaza, na kwa sababu hiyo nitalitangaza kwa pumzi yote niliyojaliwa: jinsi Larissa binti Numbi, mzaliwa wa Likasi, Mwenye Asilimia Hamsini na Tano, alivyoingiza dosie yake, yaani faili la maombi ya masomo, katika dirisha la chuo kikuu mjini Brussels, siku ya mwisho, kabla ya saa sita za mchana, na dosie ikapokelewa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tano, nchi yao ikiitwa bado Zaire. Larissa alikuwa msichana mrefu, mpole wa maneno, mwenye macho ya kutazama kitu mpaka kikiri, na tangu utoto wake alitaka jambo moja tu, nalo ni kuwa daktari. Sasa jueni kwamba katika chuo kile udaktari ulikuwa na mlango mmoja. Mtu aliingia na diploma yake ya sekondari mkononi, mlango ukafungwa nyuma yake, na miaka saba baadaye akatokea upande wa pili amevaa koti jeupe. Asiyepita hapo hakuwa na pengine pa kupenyea. Na hapo mlangoni, kabla ya salamu, waliuliza alama.

Alama! Huko Likasi, matokeo ya mtihani wa taifa yaliposomwa redioni, hamsini na tano ya Larissa ilikuwa ushindi wa vita, maana mtihani ule ulikuwa umelaza chini nusu ya darasa lake, na majirani walikuja kumshika mkono kana kwamba amerudi kutoka mpakani. Ila hamsini na tano ikipanda ndege hupungua njiani. Iliposhuka uwanja wa ndege wa Zaventem ilikuwa imekonda, na ilipofika chuoni, mwaka uliotangulia huu ninaousimulia, waliitazama kama mgeni aliyekosea nyumba, wakairudisha kwa adabu. Mwaka mzima Larissa akalea watoto wa watu na kungoja. Na mwaka huu ulikuwa ndio wa mwisho, kwa kuwa kibali chake cha kukaa kilikuwa cha mwanafunzi, na mwanafunzi asiye na chuo serikali humtafutia kiti cha ndege. Tuseme wazi: alikuwa anaogopa. Aliogopa asubuhi akipiga mswaki, aliogopa akikaanga mayai, na hakumwambia mtu.

Lakini kanuni za chuo zilikuwa na upenyo. Mwombaji ambaye alama zake hazikufika sitini aliruhusiwa kuleta, pamoja na dosie, ushuhuda wa watu wawili waliomfahamu vizuri katika masomo na katika maisha. Ushuhuda ukiridhisha, angeitwa mbele ya kamati, aulizwe maswali, ajitetee. Larissa alisoma kifungu hicho akiwa amesimama, kisha akakisoma tena amekaa.

Ndipo baraza la vita likaitishwa jikoni kwa Maman Mauwa, mama aliyempa Larissa chumba, kiongozi wa kwaya ya parokia, Sauti ya Kwanza, ambaye akiimba Jumapili vioo vya madirisha huitikia. Kulia kwake aliketi Tonton Onésime, mjomba kwa heshima tu, Bwana wa Maneno Elfu, aliyefundisha kemia Likasi miaka mingi na Larissa akiwa miongoni mwa wanafunzi wake, na ambaye sasa, kwa namna ulimwengu unavyogeuka, alisukuma vigari vya chakula katika hospitali kubwa ya Jette. Hao ndio mashahidi wawili. Larissa akaweka mezani karatasi mbili nyeupe na kalamu mbili. Tonton Onésime akaisogeza yake pembeni kwa ncha ya kidole.

"Karatasi?" akanena. "Larissa, mutoto yangu, bon, nikuulize. Bantu bakienda kuposa bibi, banatumaka karatasi? Banaenda benyewe! Banavaa muzuri, banasimama, banasema. Alors weye uko naenda kuomba médecine, kitu kikubwa kupita bibi, na miye nikae ku nyumba, karatasi njo iende kusema pa fasi yangu? Jamais, hata siku moya!"

"Mais Tonton," akasema Larissa taratibu, "baliandika ni attestation, ya karatasi."

"Attestation haina mudomo. Bakiiuliza question, itajibu nini?"

"Iko na raison, iko nasema kweli," akasema Maman Mauwa, na tayari alikuwa anafikiria atafunga kilemba gani. "Tutaenda batatu. Bataona ule mutoto iko na bantu."

Larissa akazikusanya kalamu. Kwao mtoto hakati neno la mkubwa. Hulingoja liishe, hata kama lenyewe halina haraka ya kuisha. Akazirudisha zile karatasi mbili kabatini, na usiku ule akajipa moyo kwamba huenda wakubwa wanajua.

Wiki moja baadaye kukapambazuka siku ya mwisho. Tazameni jeshi linavyotoka! Mbele alikwenda Tonton Onésime ndani ya suti ya rangi ya divai, pasi imepita mpaka kwenye soksi, tai imefungwa kwa fundo nene, kofia mkononi tayari kwa kuvuliwa. Katikati alikwenda Maman Mauwa katika liputa, kitenge chake cha sherehe, na kilemba chake ndani ya tramu kilihitaji kiti chake peke yake. Nyuma alikwenda Larissa ameikumbatia dosie ndani ya mfuko wa plastiki wa dukani, maana mvua ya Brussels ilikuwa imeamka mapema kuliko wote. Walipofika kituo cha metro treni ilikuwa imefungua milango, na kwa mbio kidogo wangeiwahi. Tonton Onésime akainua kofia kuwazuia.

"Délégation haikimbiaka," akatangaza, na milango ikafungwa mbele ya heshima yake yote.

Kwa mwendo huo huo wa heshima wakafika Woluwe, chuo kilipo, na kwa mwendo huo huo wakaingia ukumbi wa maombi, ambako saa ya ukutani ilionyesha kwamba asubuhi imekwisha kuliwa sehemu kubwa. Wakapanga foleni nyuma ya vijana wenye alama za themanini, waliokuwa wanatafuna bazoka bila wasiwasi wowote. Foleni ikasonga, ikasimama, ikasonga. Hatimaye wakasimama mbele ya kioo, na nyuma ya kioo aliketi Mlinzi wa Dirisha, mama wa makamo mwenye nywele fupi za kijivu na miwani ya kuning'inia, si mtu mbaya hata kidogo, ila tangu asubuhi alikuwa hajapata nafasi ya kunywa kahawa yake.

Tonton Onésime akavua kofia. Akakohoa. Akainama mpaka mdomo ukalingana na kile kitundu cha kusemea, na kwa Kifaransa alichokitunza tangu enzi za ualimu, akaanza.

"Madame, tumetoka mbali, na barabara ilikuwa ndefu. Hatukuja kutafuta ugomvi, tumekuja kutafuta undugu. Katika nyumba yenu hii tumesikia kuna kitu kizuri kiitwacho udaktari, na katika nyumba yetu kuna mtoto..."

"Bwana," akasema yule mama, "ushuhuda uko wapi?"

"Uko mbele yako, Madame. Mimi ni wa kwanza. Mama huyu ni wa pili."

Maman Mauwa akatabasamu na kusogeza kilemba kidogo ili aonekane vizuri.

Yule mama akawatazama kwa zamu. "Ushuhuda wa maandishi."

"Sisi tuko tayari kujibu swali lolote."

"Mimi siulizi maswali, bwana, napokea karatasi. Kamati inasoma faili." Akaonyesha rundo la majalada nyuma yake. "Ninyi wawili siwezi kuwatoboa matundu nikawatia ndani ya faili."

Kijana mmoja wa themanini akacheka. Larissa aliona masikio ya Tonton yakibadilika rangi, akamwonea huruma kuliko alivyojionea yeye mwenyewe. Yule Mlinzi akatazama saa, akafungua droo, akapitisha karatasi mbili chini ya kioo. "Kaeni pale muandike. Saa sita nashusha pazia, na leo ndiyo siku ya mwisho."

Basi wakarudi nyuma hadi kwenye benchi, na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo vita vyenyewe vilipoanza. Maman Mauwa aliandika jinsi anavyoimba, kwa kifua, bila kufuta. Aliandika kwamba anaishi na msichana huyu. Kwamba vitabu vya sayansi huvikuta hadi karibu na jiko. Na kwamba jukwaa la kwaya lilipovunjika wakati wa Pasaka na sauti zote za kwanza zikaanguka juu ya sauti za pili, ni Larissa aliyefunga vidonda vya watu wote, na hakucheka mpaka alipomaliza. Akatia sahihi, akaweka kalamu chini, na nusu ya karatasi yake ikabaki nyeupe.

Tonton Onésime yeye alivua koti. Akalitundika kwenye kona ya benchi. Akakunja mikono ya shati, akaijaribu kalamu kwenye kiganja, akatazama dari kwa muda ambao zaburi fupi ingesomwa ikaisha, kisha akaandika kwa herufi za kupinda: *Katika mwaka ambao reli ilifika Likasi, babu yake mzaa baba, mtu wa mikono migumu na moyo safi...* Na reli ikaja, taruma kwa taruma. Babu akaitandika. Shaba ikapakiwa. Bwana mkubwa wa kampuni akaja, akafanya dhuluma, akaondoka. Karatasi ikajaa upande wa mbele, ikageuzwa, ikajaa nusu ya upande wa nyuma, na katika habari zote hizo Larissa alikuwa hajazaliwa.

Larissa alichungulia begani kwa Tonton, akatazama saa, akatazama dirisha. Foleni ilikuwa imeisha. Dirisha la jirani lilikuwa limekwisha shushwa pazia. Mlinzi alikuwa anapanga kalamu zake moja moja kwenye kikombe. Ndani ya Larissa majeshi mawili yakakutana: huku adabu yote aliyolelewa nayo, bibi zake wote wamesimama safu safu na vidole midomoni, huku zile siku zote za kupiga mswaki kwa hofu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwana wa ukoo wa Numbi aliyewahi kulifanya tangu reli ifike. Aliweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Tonton."

"Ngoja kidogo. Niko ku mariage ya babu yako."

"Tonton, inatosha."

Maman Mauwa akaziba mdomo kwa mkono. Tonton Onésime akainua kichwa polepole.

"Larissa. Uko nanikata?"

"Niko nakukata, Tonton, unisamehe." Kiganja hakukiondoa. "Bakifunga ile dirisha ya guichet, kibali yangu inaisha, na miye narudia Likasi na mikono mutupu. Weye njo ulinifundisha. Andika tu ile unajua."

"Nitaandika ulikuwa premier ya classe!"

"Sikukuwa premier. Nilikuwa mu katikati. Na ku chimie ulinipa échec."

"Mara moya," akanung'unika.

"Mara mbili, Tonton. Donc andika vile. Andika nilianguka, na ile nilifanya kisha."

Tonton Onésime akaitazama karatasi yake. Hotuba ile alikuwa ameiandaa wiki nzima. Ameikariri akisukuma vigari vya supu katika korido za Jette, na wagonjwa wawili walikuwa tayari wanaijua hadi kwenye shaba. Ilimuuma, na hakuficha kwamba ilimuuma. Aliikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. Kisha akaivuta ile ya Maman Mauwa, na katika nusu iliyobaki nyeupe, chini ya habari za jukwaa lililovunjika, akaandika haraka, bila kutazama dari:

*Nilimfundisha kemia. Hakuwa wa kwanza. Nilimwangusha mara mbili, na mara zote mbili alirudi kesho yake kuniuliza amekosea wapi. Wengine walikuja kuniomba alama. Yeye peke yake alikuja kuniomba kosa lake.*

Akatia sahihi. Na Mlinzi wa Dirisha akanyoosha mkono, akashika kamba ya pazia.

Hapo délégation ikakimbia! Alikimbia Larissa, dosie kifuani, viatu vikilia sakafuni. Alikimbia Maman Mauwa akishikilia kilemba kwa mikono miwili. Alikimbia Tonton Onésime, koti limeingia mkono mmoja na mwingine unapepea, mtu ambaye metro yenyewe haikumkimbiza. Dosie ikafika kwenye kitundu pazia likiwa limekwisha anza kushuka, na kona yake ikatangulia kuingia kabla ya mwenyewe kupata pumzi ya kusema tafadhali.

Pazia likasimama. Yule mama akavaa miwani. Akahesabu vyeti, akatazama picha, akafika kwenye ushuhuda.

"Wawili kwenye karatasi moja?"

"Kanuni haikatazi, Madame," akasema Larissa, na kwa kweli alikuwa ameisoma kanuni mara nyingi kuliko aliyeiandika.

Mama akasoma. Alisoma juu, akakunja midomo kuzuia kitu fulani alipofika kwenye kwaya; alisoma chini, na hapo akarudia mara ya pili. Akainua macho, akamtazama Tonton Onésime juu ya miwani.

"Bwana, haya ya mwisho ni kweli?"

Loo! Mlango aliougonga asubuhi ulikuwa sasa umefunguliwa, na swali alilolililia limeulizwa. Maneno elfu yakapanda hadi kwenye meno: reli, babu, shaba, ndoa. Tonton Onésime akafungua kinywa. Akamtazama Larissa.

"Kweli, Madame," akasema, akakifunga.

Mhuri ukapanda. Mhuri ukashuka. Sauti yake haikuwa kubwa. Kwenye benchi usingeisikia. Yule mama akakata kipande cha risiti, akakipitisha chini ya kioo, akasema dosie imekamilika na kamati itamwita, akashusha pazia, na saa ya ukutani ikagonga saa sita.

Maman Mauwa hakungoja igonge yote. Alifungua mkoba, akatoa kopo la poda ya watoto, akalimimina lote juu ya kichwa cha Larissa, maana huko kwao anayeshinda mtihani hurudi nyumbani mweupe kuanzia nywele hadi mabegani. Kisha akapiga kigelegele. Ukumbi ukaitikia, ngazi zikaitikia, na walinzi wa jengo wakatoka vyumbani mwao. Mlinzi wa Dirisha akaja mbio kwa mlango wa pembeni, kikombe cha kahawa mkononi.

"Amekubaliwa? Tayari?"

"Hapana, Madame!" akalia Maman Mauwa kwa furaha. "Dosie imeingia!"

Yule mama akawatazama wote watatu, akapangusa poda kwenye mkono wa sweta yake, na kile kitu alichokizuia tangu kwenye kwaya kikamshinda, akacheka. Akampa Larissa mkono, akamwambia hongera, naye alimaanisha.

Iandikwe, basi, na wanaochonga mawe wachonge: hiyo ndiyo siku. Najua wako watakaoniuliza juu ya kamati. Kamati ilimwita Juni, ikamuuliza, ikamkubali, na miaka saba baadaye alivaa koti. Lakini hayo ni mambo ya kawaida, yana vyeti vyake, na chuo chenyewe kinaweza kuyasimulia. Ushindi ni ule wa dirishani. Kabla yake palikuwa na msichana wa hamsini na tano anayengoja ndege, na baada yake palikuwa na dosie ndani ya nyumba, imelala juu ya dosie za themanini, kwa kuwa ndiyo iliyoingia mwisho.

Wakarudi mtaani kwao Flagey. Mvua ilikuwa imechoka. Wakanunua viazi vya kukaanga pale uwanjani, wakaketi kwenye benchi lenye unyevu, Larissa bado mweupe kichwa kizima na watu wakigeuka kumtazama. Tonton Onésime viazi vyake hakuvigusa. Alikuwa amekaa na koti lake limefungwa vifungo vyote, anatazama njiwa. Larissa akasogea karibu naye.

"Tonton. Ile discours. Nisomee."

"Iko mrefu."

"Hatuna fasi ya kuenda."

Tonton akafungua vifungo vya koti. Kisha akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua, akasimama, akavua kofia. Akaanza na reli, Kifaransa cha karatasi akikigeuza Kiswahili. Sauti ilikuwa ya chini mwanzoni, halafu ikapata miguu, na wapanga foleni wa viazi, ambao hawakujua Kiswahili hata neno moja, wakageuka kusikiliza. Babu akatandika taruma. Shaba ikapakiwa. Bwana mkubwa akafanya dhuluma, na safari hii Maman Mauwa akasonya mahali panapostahili. Machozi yakamshuka Larissa, yakichora njia katika poda, na hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa inashika viazi vya Tonton visianguke. Babu akasimama mbele ya padri pamoja na bibi. Hapo Tonton Onésime akageuza karatasi huku na huku, akakuta imeisha.

"Bon," akasema, akivaa kofia. "Njo ile tu niliandika."

"Mais miye sijazaliwa," akasema Larissa. "Endelea, Tonton."

Akavua kofia tena, akaendelea, na viazi vikapoa vyote, na hakuna aliyemkata.